Bustani ya mtaa kando ya mto, maji yanapanda kila masika. Tupande nini ndege warudi?

#1 Katibu wa Bondeni

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha bustani ya mtaa hapa Dar, kando ya mojawapo ya vijito vinavyomwaga Msimbazi. Mtaa sitautaja, mwenyekiti wetu naye yumo humu na hapendi mambo ya kikundi yaanikwe. Eneo ni kipande chembamba, hatua kama 90 kwa 30, kimejilaza kwenye kona ya mto. Zamani lilikuwa dampo. Tulichangishana, tukakodi kirikuu kubeba taka trip kumi na moja, tukafyeka, tukapanda.

Sasa sikilizeni tulivyojiloga wenyewe.

Ukingoni kulikuwa na matete marefu kuliko mtu. Ndani yake waliishi kwera, wengine mnawaita mnana, wale ndege wa njano wanaosuka viota vya kuning'inia. Kelele zao za asubuhi ndizo zilizokuwa saa ya watoto wa shule. Siku ya usafi tukakata matete yote, eti yanaficha nyoka na vibaka. Tukapanda mipapai 14, milonge, mbaazi, michungwa minne ya kupandikiza, na mstari wa ashoki upande wa barabara kwa urembo. Tukapiga picha, zikapendeza kweli.

Masika ikaja. Maji yalipanda usiku, asubuhi bustani ni ziwa. Sehemu ya juu yalikaa siku moja na nusu. Chini, penye mbonyeo, yalikaa siku tisa. Mipapai ilikwisha yote. Siku ya tatu majani yalikuwa yamelegea kama ya mti uliokosa maji mwezi mzima, mwenyekiti akabaki anauliza, "Mti unakufaje kwa kiu na umesimama kwenye maji?" Milonge ikaoza shina. Mbaazi kwaheri. Michungwa ilijikongoja mpaka mwezi wa nane, nayo ikaenda. Na ule ukingo tulioutoa matete umeliwa na mto hatua nne kamili.

Vilivyopona: mzambarau mzee uliokuwepo tangu enzi za dampo, magimbi ya bibi mmoja aliyeyapanda kwa ubishi tukimcheka, ukoka, na mkuyu mchanga ambao hakuna aliyeupanda. Ulijiotea kwenye lundo la kifusi, nadhani ni mbegu ya kinyesi cha popo. Huo mkuyu tulikuwa tumeuwekea alama ya kuung'oa.

Kwa hiyo tunaanza upya. Nataka mimea itakayovumilia maji, itakayoshika ukingo, na itakayorudisha kwera, vipepeo, nyuki, hata vyura. Akina mama wa kikundi wanataka pia kitu cha kuingiza chochote mfukoni, na wako sahihi. Bajeti yetu ni ya kuokoteza. Nisaidieni.

#2 Chawa Mstaafu

Pandeni mashua, mkuu.

#3 Mama Shamimu

Natandika mkeka kabisa, nisije nikapitwa. Na sisi huku Kigogo tuna kipande kama hicho kinatutoa jasho.

#4 Babu wa Utete

Katibu, mimi mzaliwa wa Rufiji. Kwetu mto kupanda halikuwa jambo la kupigiwa mbiu. Tulikuwa na kilimo cha mlau: mto unafurika, unaacha tope, ukirudi kwenye njia yake unapanda mahindi na kunde kwenye unyevu ule ule. Asiyejua maji yanakaa wapi katika shamba lake alichekwa hadharani.

Usinunue mche hata mmoja kwanza. Kata vijiti ishirini, vipige alama kila shubiri, vichomeke bustani nzima. Kila baada ya mvua kubwa pita uandike maji yamefika alama ya ngapi na yamekaa siku ngapi. Zile siku ndizo muhimu kuliko kina. Miti mingi itasimama kwenye maji ya kiuno kwa siku moja bila neno. Maji ya kifundo cha mguu kwa siku kumi ndiyo muuaji, maana mizizi inakosa hewa, na mzizi usiopata hewa haunyonyi. Mpelekee mwenyekiti jibu hilo.

Ukishajua hivyo, panda kwa kufuata siku. Pale penye mbonyeo, maji yanapokaa wiki na zaidi, weka matete, mafunjo, magimbi, na mti mmoja watu wa mjini wameusahau: mtomondo. Ni wa pwani hii hii, unaota kando ya mito na vinamasi, hata maji yakiwa na chumvi kidogo haujali. Maua yake yanachanua usiku, yananing'inia kama shanga na nyuzi nyingi nyeupe au za waridi, alfajiri yametapakaa chini kama zulia. Wageni wake ni popo na nondo. Tunda lake linaelea, ndivyo linavyosafiri. Wazee walilitwanga kulewesha samaki, kwa hiyo watoto wasilichezee.

Panapokaa maji siku mbili tatu, weka mkindu, mkuyu, mzambarau mwitu na mnwamaji. Huyu mnwamaji jina lake limesema yote. Kivuli chake ni kizito, maua yake madogo ya kijani yanajaa nyuki, na tunda likipasuka linatoa mbegu nyeusi zilizovaa koti jekundu. Hondohondo wanazigombania. Kama hondohondo hafiki kwenu, shore atafika.

Huko juu pasipofikiwa ndiko kwa mpapai wenu.

#5 Katibu wa Bondeni

Shikamoo babu. Nimekusoma mara tatu. Vijiti vinachomekwa kesho. Swali: mkindu nilionao kwa jirani hauzai hata siku moja. Ni mbovu?

#6 Babu wa Utete

Marahaba. Si mbovu, ni dume. Mikindu ina dume na jike mbalimbali, na tunda liko kwa jike tu. Mche mchanga haukuambii ni upi. Ukitaka uhakika, chimba chipukizi kwenye shina la jike linalozaa, litakuwa jike kama mama yake. Ukipanda za mbegu, panda sita saba karibu karibu, bahati itagawa. Angalieni miiba ya chini ya makuti, inatoboa hadi kandambili.

#7 Injinia Mchanga

Heshima kwako babu, lakini Rufiji na Dar ni vitu viwili. Rufiji maji yanapanda polepole, yanakuja na tope zuri. Huku juu ni mabati, lami na zege, mvua ya saa moja inashuka yote kwa mpigo, na inakuja na magodoro, matairi na mlango wa friji. Mkindu wa futi mbili utafanya nini mbele ya mlango wa friji?

Katibu, kwanza tuambie kona yenu ni ya ndani au ya nje. Mto ukipinda, upande wa nje maji yanakimbia na kuchimba, upande wa ndani yanapunguza mwendo na kumwaga mchanga. Kama mmeliwa hatua nne basi mna kipande cha upande wa nje, na hapo maua hayatoshi. Panda nyasi za vetiva mstari baada ya mstari, shina hadi shina kiganja kimoja. Mizizi inashuka mita 3, ni kama nondo za chuma ndani ya udongo. Chini yake panga mawe kwenye nyavu za waya. Nyuma yake mianzi. Ndege watakuja wenyewe wakikuta pamekaa.

#8 Nyuki Dume

Injinia Mchanga ameandika: "Ndege watakuja wenyewe wakikuta pamekaa."

Hapo ndipo tunapoachana. Ndege anakuja penye chakula na pa kulala. Vetiva inashika udongo, sibishi, na aina inayopandwa haitoi mbegu za kusambaa kwa hiyo haitakuwa gugu. Lakini ni nyasi ya kutoka Asia, kwa kwera haina mbegu ya kula, na kwa nyuki haina ua la maana. Ukingo mzima wa vetiva ni ukuta wa kijani. Weka mistari miwili pale pa hatari, halafu mguuni pake rudisha yale matete mliyoyakata. Matete yanapinda maji yakipita, yanasimama tena. Ile mizizi yake ndiyo iliyokuwa imeshika zile hatua nne zilizokwenda.

Mianzi naipenda, ila naiogopa ukingoni kabisa. Mizizi yake inashika tabaka la juu. Maji yakila chini yake, chaka zima linaanguka na kipande cha ukingo. Irudishe nyuma hatua kadhaa. Na yeyote atakayependekeza mkaratusi hapa, simjibu.

Sasa vipepeo, maana hapa watu wengi hukosea. Wanapanda maua, wanapuliza dawa ya viwavi, halafu wanauliza vipepeo wako wapi. Kiwavi ndiye kipepeo! Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano mnayemwona Dar nzima anataga kwenye mdimu na mlimau. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, ndiyo kinga yake. Pandeni midimu miwili huko juu pakavu, na mkubaliane kwenye kikao kwamba mmoja ni wa jikoni na mwingine ni wa viwavi. Andikeni kwenye muhtasari kabisa, la sivyo mtu atapuliza.

Lantana isiwadanganye. Ni kweli vipepeo wanaifuata, lakini ndege wanabeba mbegu zake na mafuriko yanaongezea, mwaka wa pili imeshakaba ukingo wote hadi kwa majirani wa chini. Mtu wa mtoni apande akijua anawapandia na walio chini yake.

#9 Injinia Mchanga

Sawa, mistari miwili ya vetiva na matete mguuni, naafiki. Ila matuta ya bustani yaelekee mto unakoelekea, yasiukatize. Tuta lililokatiza linapigwa na maji na kubomoka lote. Na uzio wenu msiuzibe chini. Uzio uliozibwa unakamata plastiki, unakuwa bwawa, halafu unaondoka wote kwa pamoja. Nimeona mara nyingi mno.

#10 Mama Shamimu

Jamani mnaongea matete, mafunjo, mbonyeo wenye maji wiki nzima. Hapo mimi naona mbu tu. Mwaka 2019 nililazwa na dengi, viungo viliuma hadi kucha. Na hao nyoka mnaowakaribisha, watoto wetu wanapita hapo hapo.

#11 Bwana Afya Mstaafu

Mama Shamimu, pole, na hofu yako ni halali. Lakini mbu wa dengi si wa mtoni. Anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama karibu na nyumba: kopo, tairi, ndoo isiyofunikwa, sahani ya chungu cha maua. Bustani iliyojaa matairi ya urembo yaliyopakwa rangi inazalisha dengi kuliko matete yote ya Msimbazi. Matairi yawe na matundu au yaondoke.

Mbu wa malaria ni kweli anapenda vidimbwi, hasa vifupi vyenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo kati ya matuta. Yai hadi mbu mzima ni wiki moja hivi, kidogo zaidi au pungufu kutegemea joto. Kwa hiyo mashimo madogo yafukieni yote. Ule mbonyeo mkubwa ufanyeni mmoja wa maana, wenye kina, maji yakae muda mrefu kiasi cha kuishi perege wadogo na mabuu ya kereng'ende. Hao wanakula viluwiluwi vya mbu usiku na mchana bila posho. Maji ya nusunusu, yanayokauka leo na kujaa keshokutwa, ndiyo mabaya. Watoto wasioge humo, kichocho kipo.

Nyoka: acheni njia pana ya ukoka uliokatwa chini, hatua tatu kila upande wa njia. Matete yakateni kwa zamu, theluthi moja kila mwaka wakati wa kiangazi, baada ya kwera kumaliza kulea. Mkikata yote mara moja mnarudi mlikotoka.

#12 Msomi wa Kona

Kabla hamjaendelea kupanga, mnajua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004? Kifungu cha 57. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu haziruhusiwi. Tena bonde lote hilo lina mradi mkubwa wa serikali na Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia wakahama. Mtapanda mkuyu, kesho greda.

#13 Katibu wa Bondeni

Mkuu Msomi, tunajua, na ndiyo maana hatujajenga hata banda la jembe. Tuna barua ya serikali ya mtaa ya kupanda miti na nyasi za kuhifadhi ukingo, na afisa mazingira wa manispaa alikuja kuona. Kila kitu chetu kinang'oleka. Kwa taarifa tu, baadhi ya wanakikundi ni watu waliokataa kuhamia Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Hakuna anayehitaji kukumbushwa hapa kwamba bonde ni la mto.

#14 Mlaji Makini

Mimi nauliza jambo moja ambalo wote mmelipita kimyakimya. Hayo magimbi na mchicha vitaliwa? Tafiti za mboga za kando ya Msimbazi na Sinza zipo tangu 1999, metali nzito kama risasi na kadimiamu zimepimwa humo. Na hapo kwenu palikuwa dampo, betri ngapi zimeoza kwenye huo udongo?

#15 Nyuki Dume

Mlaji Makini kagusa penyewe. Majani ndiyo yanayokusanya metali kuliko matunda mengi, na maji ya mafuriko yanaacha uchafu juu ya jani pia. Ushauri wangu: sehemu inayofikiwa na maji isiwe ya chakula cha binadamu. Iwe ya ndege, nyuki, kivuli na ukindu. Mboga ziwe juu kabisa, kwenye viroba vyenye udongo wa kununua, mwagilieni maji ya bomba au ya mvua ya paa. Magimbi ya bibi yaacheni kama pambo na kivuli cha vyura, bibi mtafutieni namna ya kumweleza.

#16 Katibu wa Bondeni

Kumweleza bibi ndiyo kazi kuliko kupanda.

#17 Mkazi wa Dunga

Hamjambo majirani. Nawasoma kutoka Kisumu. Huku ziwa lilipopanda, Mei 2020 likavunja rekodi ya 1964, tulijifunza kwa lazima. Mahali mafunjo, sisi kwa Kijaluo twayaita togo, yalikuwa yamebaki mapana, mawimbi yalifika nyumbani yamechoka. Mahali watu walikuwa wamefyeka wapande sukumawiki, maji yaliingia hadi jikoni.

Lakini nataka kumrekebisha mzee kidogo kwa heshima. Mafunjo ni mmea wa maji matulivu. Mto unaokimbia utayang'oa na kuyabeba kama kisiwa, na kisiwa hicho kitaenda kuziba kalavati ya mtu. Kwa hivyo mafunjo yawe ndani ya ule mbonyeo pekee, si kwenye ukingo wa mto. Yakishika, mtapata vyura wiki ya kwanza. Huku kwetu kuna ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, kichwa cha dhahabu, ambaye hakai popote ila ndani ya mafunjo. Huyo hamtampata Dar, ni wa huku, lakini mnaelewa ninachosema.

Jambo la pili. Mtu akiwaletea mmea unaoelea, ua zuri la zambarau, jani limevimba kama kibofu, aseme ni la kupamba kidimbwi: mkataeni. Hilo ni gugumaji. Liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hadi leo kuna siku mashua hazitoki. Mkitaka ua juu ya maji, tafuteni yungiyungi ya kienyeji.

#18 Babu wa Utete

Nimekubali, binti wa Dunga. Umenisahihisha vizuri.

#19 Jirani Mwema

Hata mkipanda pepo, kunguru wa India watawamaliza hao kwera. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, sasa wanakula mayai na vifaranga vya kila ndege mdogo. Kwangu wamemaliza hadi vifaranga vya kuku.

#20 Nyuki Dume

Kweli, na dawa ya kwanza ni taka. Kunguru hafuati matete, anafuata utumbo wa samaki na mabaki ya ubwabwa. Jalala la karibu likifunikwa, nusu yao wanahama. Dawa ya pili ni miiba na msongamano: kiota kilicho katikati ya mkindu au ncha ya tete linaloyumba juu ya maji, kunguru hana pa kutua. Kiota cha kwera kwenye ashoki mnyoofu ni mezani kwa kunguru.

#21 Katibu wa Bondeni

Wakuu, tumekaa kikao saa tatu nzima. Niwape maamuzi.

Ashoki zinatoka. Kulikuwa na kilio kidogo, zinatoka. Mbonyeo unachimbwa zaidi, mafunjo humo, mtomondo pembezoni. Ukingoni vetiva mistari miwili, matete mguuni. Katikati mikuyu, mikindu, mnwamaji. Juu midimu miwili na viroba vya mboga.

Mabishano makubwa yalikuwa kuhusu pesa. Kina mama walisema, na nanukuu, "Popo hatulipi." Kilichowatuliza ni mkindu. Kati yao wanne wanasuka mikeka na ukindu wananunua sokoni. Mkindu ukishakua utawapa ukindu wao wenyewe, bei ya mkeka mnaijua. Tatizo mkindu hauna haraka, ni miaka. Mwenyekiti akapendekeza mizinga ya nyuki, watu wakakumbuka njia ya shule iko hatua ishirini, tukaacha. Labda wale nyuki wadogo wasiouma, kama kuna mtu anawafuga humu aniambie.

Mwegea pia ulipigiwa kura ukashindwa. Maua yake ya usiku popo wanayapenda mno, lakini lile tunda la kilo tano na kuzidi juu ya njia ya watoto, hapana.

#22 Babu wa Utete

Mkuyu usipande mche wa kwenye kifuko, maji yatauchukua. Kata tawi lililokomaa, unene wa mkono, urefu kimo cha mtu na zaidi. Chimbia mita nzima kama nguzo, udongo ukiwa bado na unyevu baada ya masika. Kichwa kitakuwa juu ya maji siku yatakaporudi. Mnwamaji nao unakubali kwa tawi, ila mbegu ni bora zaidi.

#23 Katibu wa Bondeni

MREJESHO. Samahani kwa ukimya, vuli imetupitia.

Vijiti vilitufundisha kuliko semina yoyote. Pale tulipodhani ni juu, kumbe maji yanazunguka kwa nyuma kupitia mtaro wa barabara na kukaa siku tano. Mdimu mmoja ulikuwa umeshapandwa hapo. Umehamishwa ukiwa hai, sijui kama utasamehe.

Nguzo za mkuyu tulichimbia tisa, saba zimetoa majani. Mbili zilichomolewa na mtu aliyedhani ni za kufungia kamba ya nguo. Mafunjo yamekubali kupita kiasi. Vetiva imeshika, mstari wa chini umepoteza kama theluthi moja, tumejazia. Ukingo haujasogea safari hii, ingawa mvua yenyewe haikuwa kubwa kama ya masika, kwa hiyo sijisifu. Godoro moja lilikwama kwenye matete, tumelitoa. Mnwamaji wote umeliwa na mbuzi. Mwenye mbuzi ni mjumbe wa kikundi.

Bibi wa magimbi alielewa vizuri kuliko tulivyotegemea. Alisema yeye hakuwahi kuyala, alikuwa anayauza. Tumebaki tunatazamana. Sasa yanabaki ya vyura, na yeye ndiye msimamizi wa viroba.

Vyura wapo, usiku mtu wa nyumba ya kwanza analalamika. Kereng'ende wapo wekundu na wa bluu. Mdiria anatua kwenye kijiti namba 14 kila asubuhi, tumekubaliana kijiti hicho hakitoki.

Na kwera. Wiki mbili zilizopita dume mmoja alianza kusuka kwenye tete lililoinamia mbonyeo. Watoto walimkalia kikao kila jioni. Amemaliza, akaning'inia chini ya kiota anapiga mbawa na kelele kama dalali wa mnada. Jike akaja, akaingia, akatoka, akaondoka. Dume akakibomoa chote akaanza upya. Jike wa pili naye kakataa.

Picha zinagoma kupanda, nitajaribu tena usiku bando likikaa sawa.

#24 Chawa Mstaafu

Dume wa Dar huyo, kodi tu hajalipa.

#25 Mama Shamimu

Nimecheka hadi mtoto kaamka. Katibu, nikija Jumamosi mtanigawia mafunjo? Nije na kiroba?

#26 Katibu wa Bondeni

Njoo na viroba viwili, na panga. Vaa viatu vya kufunika, mikindu ishaanza kuuma.

#27 Babu wa Utete

Dume huyo bado kijana, msimuonee haraka, anajifunza fundo. Mnwamaji wa kwa binti yangu Mbagala umeanza kupasua matunda. Namwambia aokote. Mbegu zake zikikauka hazioti tena, kwa hiyo usizianike. Toa lile koti jekundu, zipandwe ndani ya siku chache. Na huyo mjumbe mwenye mbuzi ndiye akazifuate.